Ruhinda Hakuchoka Kuishi

Palikuwa na mfalme wa Karagwe aliyeishi mpaka raia wakakata shauri kwamba huyu hafi. Aliitwa Ruhinda, wa sita wa jina hilo. Mwenyewe naye akaingiwa na wasiwasi, maana mwanawe Ndagara alikuwa akisubiri utawala, na kwa mwendo ule asingeuonja. Basi Ruhinda akatwaa dawa ya unga, akajiagua mpaka uhai ukamtoka. Moyoni mwa maiti akachomoka mwanasimba, akawa mlinzi wa kilima alikolazwa mfalme. Huyo akaleta wengine, kilima kikajaa simba, na Ndagara alipovamiwa na watu wa kaskazini hakuita askari, aliita simba.

Hadithi hiyo Mwingereza John Hanning Speke aliipata alipokuwa mgeni wa Rumanyika, mjukuu wa Ruhinda huyo. Alifika Karagwe Novemba 1861, na kitabu chake cha safari kikatoka 1863. Humo anaandika kwamba mfalme alimlaki kwa Kiswahili kizuri, kwa hiyo mnaodhani Kiswahili kilipanda milima yetu juzi pamoja na mabasi, samahani.

Miaka michache iliyopita niliitwa kuamua mdahalo katika shule moja ya sekondari upande wa Kyerwa. Mada ilikuwa hii: katika hadithi za maajabu, nani bora, kiumbe anayekufa au asiyekufa? Upande wa kufa ulishinda kabla ya kengele. Binti mmoja wa kidato cha tatu alisimama, akaisimulia hii ya Ruhinda bila karatasi, akamalizia: "Waheshimiwa waamuzi, hata aliyekuwa nao huo umilele aliutapika." Ukumbi ukalipuka. Nilimpa alama zote, nikapiga makofi na wenzangu. Makofi yale yamenikaa vibaya mpaka leo, na makala hii ni namna ya kuyarudisha.

Binti hakubuni. Alikuwa akitoa alichofundishwa, na waliomfundisha nao walifundishwa. Fungua uhakiki wa fantasia wa nchi unayotaka, utakuta wimbo mmoja: asiyekufa amelaaniwa, na anayekufa ndiye aliyebahatika kwa sababu kifo ndicho kinachoyatia maisha ladha. Kiongozi wa kwaya hiyo ni J.R.R. Tolkien. Katika ulimwengu aliouunda kuna taifa la Waelvi, wasiozeeka wala kuugua, na kuna binadamu, ambao hufa. Na kufa kwa binadamu kunaitwa zawadi ya Muumba. Waelvi karne zikiwapita wanaichoka dunia. Watu wa kisiwa cha Númenor wanakitamani walichonacho Waelvi, mfalme wao anapanga merikebu kwenda kukinyakua, na bahari inakimeza kisiwa kizima. Somo limekwisha, funga daftari.

Mimi daftari silifungi. Ninachodai ni kwamba hadithi hizi, ukizisoma moja moja bila mwalimu pembeni, hazisemi tunachoambiwa zinasema. Zimechanganya pumzi na kiti. Kinachooza ndani yake karibu kila mara ni mamlaka yasiyotaka kuachiwa, kisha uhai ndio unaopelekwa kizimbani kwa kosa la kiti.

Tuanze na mizani, maana imechezewa. Chukua Tithonus wa Wayunani. Mungu wa kike wa alfajiri alimpenda, akamwombea kutokufa, akasahau kumwombea ujana, na yule bwana akasinyaa miaka nenda miaka rudi mpaka akafungiwa chumbani, inasikika sauti tu. Chukua wale Struldbrugs wa Jonathan Swift katika Safari za Gulliver za mwaka 1726. Hawafi, lakini wakitimiza miaka 80 sheria inawahesabu wafu, warithi wanachukua mali, na wao wanabaki wakitangatanga bila meno wala kumbukumbu. Wasomaji wa karne tatu wametikisa vichwa: ona ubaya wa kutokufa! Ubaya gani? Waandishi hawa wamepima uzee na maradhi, wakaubandika mzigo jina lingine. Ni sawa na muuza rubisi, pombe ya ndizi, anayekuonjesha iliyolala siku nne kwenye jua halafu akushauri usipande migomba.

Wapo wanaokwepa hila hiyo, wakampa kiumbe wao ujana na afya pamoja na milele. Hao hulazimika kumtafutia ugonjwa mwingine, na daima ni uleule: anachoka. Anaona machweo elfu, machweo yanamkinai. Nakiri uchovu huu siuelewi. Bibi yangu mzaa baba alitafuna kahawa ya kuchemsha kila asubuhi tangu nipate akili, punje mbilimbili, akitema ganda kwenye kiganja kilekile cha mkono wa kushoto, na kahawa ilitoka kwenye miti ileile mitatu nyuma ya jiko. Alikuwa na zaidi ya miaka 80. Sikuwahi kumsikia akisema imemkinai. Alichokuwa akilalamikia ni magoti. Mchoshi wa kwenye vitabu ni mtu wa aina nyingine kabisa: hana shamba, hana mjukuu wa kumnyoosha masikio, hana jirani wa kudaiana naye chumvi. Mnyang'anye yeyote vitu hivyo atachoka akiwa na miaka 30, na hatuhitaji uchawi wowote kulithibitisha hilo. Nenda stendi ya Kayanga asubuhi ya Jumatatu uwatazame vijana wanaoegemea ukuta.

Nimewahi kujibiwa kwa mgomba. Mtu wa huku ukimbana katika hoja hukimbilia mgombani, na jibu lenyewe husikika vizuri: mgomba mama huzaa mkungu mmoja, huanguka, chipukizi hushika nafasi, ndivyo uhai unavyoendelea kwa njia ya kufa. Anayesema hivyo hajapata kuchimba tunguu. Shina linaloanguka ni majani yaliyokumbatiana tu. Mmea wenyewe uko chini, na chipukizi si mtoto wake kwa maana ya mtoto, ni yeye mwenyewe amesogea hatua moja pembeni. Katika vibanja vya Karagwe, yaani mashamba yetu ya migomba, kuna vishina ambavyo aliyevipanda hakuna anayemkumbuka, na ndizi zake ziko sokoni wiki hii. Ukitaka mfano wa kiumbe asiyekufa, anayezaa, asiyechoka na asiyemdhulumu mtu, uko nyuma ya nyumba yako.

Sasa tuje kwenye hadithi zetu, maana hapa ndipo linaponiuma zaidi. Wanaotufundisha kwamba kifo ni zawadi wanazungumza kana kwamba ndiyo hekima ya wahenga duniani kote. Wahenga gani? Kwa majirani zetu Waganda, kifo ni Walumbe, kaka yake Nambi, mke wa mtu wa kwanza, na alifuata watu duniani kwa sababu Nambi alirudi njiani kuchukua ulezi wa kuku. Ulezi wa kuku! Katika simulizi inayopatikana kwa Wabantu wengi, kinyonga alitumwa kupeleka habari kwamba watu hawatakufa, akajivuta, mjusi akamtangulia na habari mbaya. Na katika masimulizi ya Wahaya na ya jirani zao, Wamara, mkuu wa Bachwezi, wale watawala wa kale, alishuka kuzimu kwa Kintu, mfalme wa huko, akapewa ng'ombe na mema mengi, akasahau kurudisha shukrani. Kintu akamtuma Rufu kwenda kudai. Rufu ni kifo, kwa Kihaya hata kwa Kinyambo chetu cha Karagwe.

Usahaulifu, uchelewaji, deni. Kwa watu hawa kifo kiliingia kwa mlango wa nyuma, kwa uzembe wa mtu fulani, na kingeweza kuzuiwa. Sijakutana na simulizi hata moja ya ukanda huu ambamo watu wanakusanyika kushukuru kwamba kimekuja. Hata Bachwezi wenyewe lugha haiwaambii walikufa. Walitoweka, husema wasimuliaji, na baada ya kutoweka watu waliendelea kuwaita kwa karne nyingi, wakawajengea vijumba vya ibada, wakawapa vichwa vyao wapande katika kubandwa. Masimulizi ya Karagwe na Nkore yanamfanya Ruhinda wa kwanza, mwanzilishi wa ukoo wa Bahinda, kuwa mwana wa Wamara. Nani anayejitafutia nasaba kwa waliolaaniwa?

Pwani nako hali si tofauti. Fumo Liyongo hakudhurika kwa silaha yoyote isipokuwa kitu cha shaba kitovuni, na siri hiyo akaitoa kwa mwanawe mwenyewe, aliyekwisha kununuliwa na mtawala wa Pate kwa ahadi ya ndoa na cheo. Baada ya kuchomwa, Liyongo alipiga goti kisimani na upinde ameuvuta, akafia hapohapo, na watu wakaogopa kuchota maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Utendi wake aliouandika Muhamadi Kijumwa mwaka 1913 umesomwa na vizazi. Muulize msomaji yeyote wa Lamu kama pale kitovuni palikuwa na zawadi. Atakuambia palikuwa na usaliti, na kwamba mtoto aliyetaka kiti kabla ya wakati hakukipata.

Hapo ndipo ninapomrudia Ruhinda, kwa sababu kisa chake na cha Liyongo ni kimoja kimegeuzwa upande. Baba haondoki, mwana anangoja. Kwa Liyongo mwana ndiye anayeamua, kwa Ruhinda anaamua baba. Binti wa mdahalo alisema aliutapika umilele. Speke hajaandika hivyo. Hakuna uchovu katika simulizi ile, hakuna mfalme anayekaa dirishani akilalamika kwamba machweo yamemkinai. Kuna baba aliyetazama foleni akaona mwanawe ndiye wa kwanza na hasogei. Kilichomuua Ruhinda ni utaratibu wa Karagwe uliosema ngoma ya utawala haipokewi ila kutoka kwa maiti. Angekuwa na njia ya kustaafu, asingehitaji ule unga.

Ajabu ni kwamba Tolkien, bila shaka bila kuwaza habari za Ruhinda, ameandika karibu kisa hichohicho. Aragorn, wa ukoo wa Númenor, anapofikisha miaka 210 anamkabidhi mwanawe taji na kuiachia roho yake kwa hiari kabla uzee haujamdhalilisha. Wafalme wa kale wa ukoo wake walikuwa na neema hiyo ya kuondoka wanapotaka, na ukoo ulianza kuharibika pale walipoanza kung'ang'ania. Wahakiki hupaona hapo wakafurahi: mfalme mwema anakubali kufa. Lakini tazama mkono wake uko wapi. Uko kwenye komeo. Anafungua mwenyewe, siku aliyoichagua, akiwa na akili timamu, mkewe pembeni, mrithi amekwisha kuvishwa taji. Huyo anakufa kama mimi na wewe? Mtu anayeamua siku ya kuondoka amepewa sehemu tamu kuliko zote za kutokufa, yaani kutofukuzwa. Waandishi hawa wanatuonyesha mwenye nyumba akihama kwa hiari, kisha wanatuambia ndivyo anavyohama mpangaji aliyetupiwa virago.

Sitaki kuwaonea wapinzani wangu, na hoja yao nzito kuliko zote haitoki kwa Tolkien, inatoka kwenye kibanja. Wanasema: kama babu hafi, mjukuu atalima wapi? Mtu wa Karagwe haicheki hoja hiyo. Kibanja ni kimoja, wana ni watano, na kahawa haipandwi hewani. Nimekaa katika vikao vya ukoo ambapo mtu mzima na ndevu zake analia kwa sababu ya mistari minne ya migomba. Katika riwaya ya Shaaban Robert, Kufikirika, iliyochapwa 1967, nchi nzima inahangaishwa na jambo moja tu: mfalme hana mrithi. Kila ufalme wa hadithini umejengwa juu ya hesabu kwamba aliyeko ataondoka.

Nawajibu kwa habari ya baba yangu. Mwaka 1991 aliwaita wazee wa kitongoji na sisi wanawe wanne, akatembea kibanja chote kwa miguu, nyuma yake kijana amebeba vipande vya mramura, mti wa mipaka, na kila alipopiga kisigino kijana alichomeka kipande. Shughuli ilichukua asubuhi moja na madebe mawili ya rubisi. Jioni yake alikuwa mtu mwenye kipande kidogo karibu na barabara, nyumba, na mbuzi wawili. Akaishi miaka 17 zaidi. Katika miaka hiyo alinikosoa karibu kila siku jinsi ninavyopunguza machipukizi, akaniambia mbele ya mke wangu kwamba migomba yangu imesimama kama watu wanaosubiri kuhesabiwa kura, na mara mbili alikuwa na haki. Hakuna aliyekosa ardhi kwa sababu mzee alikuwa akipumua. Waliokosa ardhi ni majirani zetu ambao baba yao aliikalia mpaka siku ya mwisho, akafa bila kugawa, na kesi yao ilitembea kutoka baraza la kata hadi baraza la wilaya. Yule wa kwao alikufa kama ilivyotakiwa. Kufa kwake hakukumsaidia mtu.

Na kama ni kiti tunachokizungumzia, kiti cha Bahinda hakikuondolewa na kifo cha yeyote. Machifu wa Tanganyika waliondolewa kwa sheria mwaka 1963, wengi wao wakiwa hai na wenye afya, wakaendelea kunywa chai. Inawezekana kumwondoa mtu kwenye kiti bila kumwondoa duniani.

Nawakubalia jambo moja. Fantasia ina kundi la wanaonunua umilele kwa roho za wengine, na hao siwatetei. Voldemort wa J.K. Rowling huua ili kila kipande cha nafsi yake kipate pa kujificha. Mchawi Cob katika riwaya ya Ursula K. Le Guin ya 1972 anatoboa mlango kati ya wazima na wafu, na ulimwengu mzima unapauka ili yeye asife. Sawa. Lakini tulipe kosa jina lake: ni mauaji. Mtu akiiba ili ajenge hatusemi nyumba ni mbaya.

Hata hivyo, nikisoma tena kitabu cha Speke naona bili hii ya roho za wengine, na haikuletwa na umilele. Anaeleza alivyozikwa Ndagara, yuleyule aliyengojeshwa. Maiti ilishonewa ndani ya ngozi ya ng'ombe, ikalazwa mtumbwini ziwani siku tatu mpaka ikatoa funza. Funza watatu wakapelekwa ikulu, mmoja akageuka simba, mwingine chui, wa tatu fimbo. Kisha mwili ukapandishwa kilimani, juu yake ikajengwa nyumba, wakaingizwa humo wasichana watano na ng'ombe 50, na mlango ukazibwa. Wakafa kwa njaa wote.

Funza na simba ni maajabu, kila msomaji atajiamulia. Wale watano sidhani kama aliyesimulia aliwahesabu kuwa maajabu. Speke hataji majina yao. Wapinzani wangu wanatuambia kifo huwasawazisha watu, tajiri na maskini, mfalme na mjakazi. Pale kilimani kifo cha mtu mmoja kilihitaji wengine wangapi kufika mlangoni? Kilihitaji watano, kwa sababu mfalme hakuweza kufa kama mtu. Angeendelea kuishi, kwa vyovyote vile vya kichawi, wangekufa wangapi siku hiyo? Hakuna. Ng'ombe wangerudi malishoni jioni.

Hoja ya zawadi huiva vizuri mbali na kaburi. Huku Kagera, mkoa wa Karagwe yetu, tumekuwa karibu nalo mno. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi kuthibitishwa nchini walikuwa wa mkoa huu, mwaka 1983. Kabla ya jina la kitaalamu watu waliuita Juliana, jina la nguo za fasheni zilizokuwa zikivushwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Miaka iliyofuata palikuwa na wiki ambazo mtu mmoja alihudhuria mazishi matatu, na Mei 1996 ikazama meli ya MV Bukoba tukiwa bado hatujamaliza kuwalilia wa nyumbani. Katika mazishi hayo nilisikia mara nyingi kwamba kifo ni mpango, kwamba ndicho kinachotufanya tuthamini maisha. Waliosema hivyo walikuwa watu wema na hawakuwa na kingine cha kusema. Tolkien naye namwelewa kwa njia hiyo: baba alimfia akiwa na miaka 4, mama akiwa na 12, na vita ya 1914 ikamchukulia marafiki wa ujana. Mtu aliyefiwa hivyo akikiita kifo zawadi, anajiliwaza, na aliyefiwa ana haki ya neno lolote linalomtuliza. Nisichokubali ni neno la kilioni kugeuzwa kanuni ya fasihi na kutungiwa swali la mtihani.

Isitoshe, wahubiri wa mazishi hayo wakimaliza kutuambia tusitamani kuishi milele, hutuahidi uzima wa milele kwa tabia njema. Nimewahi kumuuliza mmoja, mtu mcheshi sana, inakuwaje laana ya hapa iwe tuzo ya kule. Alicheka, akaniambia: "Mwalimu, kule hakuna magoti." Basi sote wawili tunakubaliana na bibi yangu.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakiondoka kwa Ukimwi. Mwanzoni mwa 2005 walimrudisha nyumbani kwa machela, na mjomba, ambaye ni mtu wa mipango, alikwisha kupasulisha mbao. Ziliegemezwa nyuma ya nyumba, zimefunikwa majani ya mgomba zisinyeshewe, na shangazi kutoka kitandani alikuwa akiziona dirishani. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa zimeanza kutolewa bure nchini mwaka uliotangulia. Akaanza kumeza. Mwezi wa pili aliomba chumvi kwenye uji. Mwezi wa nne alikaa mlangoni akimenya ndizi na kugombeza kuku. Siku moja akamwita fundi, akamwonyesha mbao, akamwambia amtengenezee kabati la vyombo. Lipo mpaka leo, lina milango miwili, mmoja haufungi vizuri. Kila saa mbili usiku redio inapopiga mlio wa taarifa ya habari anafungua ule mlango mbovu, anatoa kopo, anameza, anafunga kwa kuupiga kiwiko.

Nilimuuliza kama kule kukaribia kufa kumemfanya aone maisha ni matamu zaidi, maana ndivyo vitabu vinavyosema. Aliniangalia kwa muda. "Yalikuwa matamu tangu mwanzo, mwanangu. Ndiyo maana nilikuwa nalia."

Vijana wanaoandika sasa, naona simu zao zimejaa hadithi za majini, wachawi na falme za chini ya maziwa, na wengine wana kipaji cha kweli. Lakini wakifika kwa kiumbe asiyekufa mkono unaandika wenyewe: mweupe, mpweke, macho yamechoka, mwishoni anaomba afe na anashukuru. Yule ameazimwa. Nawaomba wamrudishe kwa mwenyewe na wamchukue Ruhinda, yuko hapahapa na hajaguswa. Jina la mjukuu wake limepewa hifadhi ya taifa mwaka 2019, Rumanyika-Karagwe, limo kwenye bango la barabarani, na watu husema ndivyo mtu anavyoishi milele. Babu hana hata bango.

Mimi ningeiandika hivi. Ruhinda anaona mwanawe anangoja, anakitazama kile kikaratasi cha unga, au tuseme jani la mgomba lililofungiwa unga, anakitupa jikoni. Asubuhi anamwita Ndagara, anampa ngoma, anatoka ikuluni kwa mlango wa wanawake. Machifu hawajui wamsalimie vipi mtu aliyekuwa mfalme na hajafa. Kuna kurasa nzuri za kichekesho hapo. Anapewa kibanja mteremkoni. Migomba yake ya mwanzo inaanguka kwa upepo kwa sababu hajawahi kushika panga la kulimia, jirani anamfundisha, wanagombana juu ya mpaka, wanapanda mramura. Ndagara anatawala, zamu yake ikiisha anafanya kama baba yake. Rumanyika anaupokea utawala, na Novemba 1861 mgeni mwekundu mwenye ndevu anapanda kilima na kukaribishwa kwa Kiswahili kizuri. Nyuma ya mfalme wameketi wazee wawili wanatafuna kahawa. Uani wanawake watano wanapeta ulezi, mmoja ana mtoto mgongoni. Mzee mkubwa anainama, anauliza kwa Kinyambo huyu ni mtoto wa nani, na kama amekwisha kula.